Mnaoenda Ujerumani Oktoba, someni hapa kabla ya kununua jaketi

Wiki hii yote grupu ya WhatsApp ya wale wamepata nafasi ya kusoma semista moja Ujerumani imejaa maswali, na hakuna hata moja limenifurahisha. Mara jaketi ya mtumba ya soko la Kibuye, Kisumu, itatosha ama lazima ya dukani, mara laini ya Safaricom itashika huko, mara kuna mtu anauliza kama theluji inauma. Wadogo wangu, nawapenda, lakini hayo ni maswali ya mtalii. Nunueni jaketi Kibuye, nzito, yenye kofia, imeisha. Hakuna mtu namjua alikosa kugraduate juu ya baridi. Mimi nilikosa, na ilikuwa karatasi, na nikiangalia venye mnaenda naona mnaelekea palepale.

1. Ile fomu ya makubaliano ya masomo, yenye mnaita LA. Najua mmeshaijaza. Mmeijaza usiku wa mwisho, mkanakili kozi za senior wa mwaka jana juu yeye alipita nazo, leki akasaini akiwa anatembea kwenda darasa, mkapiga picha mkatuma. Najua juu ndivyo mimi nilifanya. Jedwali A ni kozi za kule, ambazo jumla zinafaa kufika krediti 30 za ECTS, ule mfumo wa krediti wa Ulaya, kwa semista nzima, na Jedwali B ni yuniti za huku nyumbani zenye hizo kozi zitachukua nafasi yake. Kila mtu anahangaika na A juu ndio ina majina matamu. B mnaijaza tu ndio isikae wazi.

Sasa mimi kwa A niliweka GIS, ile ya ramani za kompyuta, na kwa B nikaweka GIS yetu ya mwaka wa tatu, safi kabisa, hata nikajisifu. Nafika kule Oktoba nakuta hiyo GIS hufundishwa semista ya kiangazi peke yake, ile inaanza Aprili, na mimi nimekuja ya baridi. Katalogi ilikuwa imeandika hivo wazi, safu ya mwisho kulia, lakini nani husoma safu ya mwisho. Madam wa ofisi ya wageni akaniambia pole pole hakuna shida, chagua nyingine, jaza ile sehemu ya mabadiliko, tuma nyumbani isainiwe, nirudishie. Nikachagua haidrolojia. Nikajaza. Nikatuma imeili kwa kodineta wetu huku, na hapo ndio shetani aliingia, juu hakunijibu na mimi nikachukua kunyamaza kwake kama ndio. Nani hapa nyumbani hujibu imeili? Nyinyi wenyewe mkitaka kitu kwa idara si mnaenda kusimama mlangoni mpaka mtu atoke. Mimi mlangoni sikuweza kusimama, na kupiga simu niliona aibu, ati nisisumbue kodineta. Ningemtumia class rep mmoja tu aende na karatasi imeprintiwa, angesainiwa kabla ya chai ya saa nne. Badala yake nikazoea maisha, Desemba ikafika na yale masoko ya Krismasi, nikawa napiga picha na taa naweka status, na fomu iko kwa laptopu na saini yangu peke yake.

Haidrolojia nilisoma, jamani. Nilisoma kuliko yuniti yoyote nimewahi kusoma. Mtihani Februari, nikapata 1.7. Nikarudi nikijiona profesa.

Transkripti ilikuja baadaye, na siku hiyo COD, mwenyekiti wa idara yetu, akaniita. Akaweka kidole kimoja kwa mstari wa Jedwali B, imeandikwa GIS. Akaweka kidole cha mkono ule mwingine kwa transkripti, imeandikwa haidrolojia. Akanitazama juu ya miwani, vidole bado viko palepale. Akauliza, "Hii na hii zinakutana wapi?" Nikaanza hadithi ya kiangazi na baridi, akangoja nikamaliza, kisha akauliza kama kuna karatasi imesainiwa. Sio mtu mbaya, hata alijaribu, alipeleka kwa bodi ikarudi vilevile. Kwa hivyo GIS yangu ikabaki haina maksi, na ilikuwa ifundishwe tena mwaka unaofuata. Nikakaa darasani na nyinyi, wengine wenu mnakumbuka, mkiniita Mjerumani.

Lakini hiyo haikuuma kama listi ya kugraduate. Mzee wangu huko Vihiga alikuwa ameshaambia watu. Kanisani alishasema, shangazi alishatenga jogoo, na binamu zangu walikuwa wanapanga gari ya kukodi. Sikumwambia kitu. Nilikuwa najidanganya kwamba labda jina litatokea tu, kama venye hutokea kwa wengine. Listi ikatoka usiku, pidiefu ndefu, nikatafuta jina langu mbele, nikatafuta likiwa limegeuzwa, nikatafuta namba ya usajili. Asubuhi na mapema simu ikalia. Mzee hakusalimia sana. Alikuwa cyber pale Mbale na ameshalipia kuprintiwa, akaniuliza, "Jina liko ukurasa wa ngapi, nimwambie huyu kijana aprinti huo peke yake?"

Nilinyamaza sana mpaka nikasikia printa ya watu wengine ikifanya kazi huko nyuma. Kisha nikamwambia. Akasema sawa. Aliposema sawa ningependelea angenitukana. Baadaye nikasikia kutoka kwa mama kwamba jogoo alichinjwa tu Krismasi na hakuna mtu alizungumza juu ya mambo ya chuo.

Kwa hivyo: kozi ikibadilika kule, fomu mpya isainiwe pande zote tatu, wewe, wao na idara ya huku, kabla hujaingia darasa la tatu. Na muache mtu hapa nyumbani wa kutembea na karatasi.

2. Gredi. Kule 1.0 ndio juu kabisa, 4.0 umeponea chupuchupu, 5.0 umeanguka. Ile 1.7 yangu kuna mtu wa mitihani aliitazama akaniambia pole. Nendeni mkijua maksi zitabadilishwa vipi kuwa za asilimia zetu, na iwe imeandikwa, sio ya mdomo.

3. Kuhudhuria darasa sio kusajili mtihani! Potali ina dirisha lake la mitihani, likifungwa limefungwa, na hakuna kwenda kulia kwa ofisi ya mtu. Hakuna CAT, zile tathmini za katikati ya semista, za kukuokoa pia, kozi nyingi ni mtihani mmoja wa mwisho, maksi zote hapo.

4. Viza, barua ya ufadhili iandike kiasi cha pesa na miezi. Bila hiyo watataka akaunti iliyofungwa, yaani unaweka pesa zote mapema halafu unatoa za mwezi kwa mwezi, na kwa mwanafunzi imekuwa ni yuro 992 kwa mwezi tangu 2024, sasa pigeni hesabu kwa shilingi mkiwa mmeketi.

5. Ukihamia hosteli una wiki mbili za kwenda kusajili anwani yako kwa ofisi ya mji, na karatasi ya mwenye nyumba mkononi. Ukishasajili tu, barua ya ada ya redio na TV itakutafuta. Yuro 18.36 kwa mwezi, uwe na TV usiwe nayo. Mimi nilidhani ni wale matapeli wa ile pesa tuma kwa hii namba, nikatupa. Ikaja ingine. Nikatupa. Ya tatu ilikuwa na faini. Kumbe ni sheria, na hulipwa mara moja kwa nyumba nzima, kwa hivyo kama mko wanne kwa nyumba moja mnagawana. Ulizeni wenzenu kwanza kama kuna mtu analipa.

6. Chakula. Nyama na maziwa kutoka huku haviingii Umoja wa Ulaya kwa mzigo wako, kwa hivyo mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, muage nyumbani. Samaki aliyekaushwa anaruhusiwa, mpaka kilo 20, na hii ndio habari njema peke yake niko nayo leo: omena, wale dagaa wetu, inapita. Nilibeba ya Dunga, pale ufuoni Kisumu. Siku ya kwanza kukaanga, Januari, jikoni ya watu wote, king'ora cha moshi kikalia na hosteli nzima ikashuka nje na ndara. Jamaa mmoja wa Georgia ndiye hakukasirika. Alirudi akaonja moja, akaonja nyingine, akaenda kuleta bia, na kufikia Ijumaa ile pakti ilikuwa imeisha na nusu yake sikuila mimi. Bebeni mbili, na kaangeni dirisha likiwa wazi.