Wasomaji Wauliza: Ami ataka kung'oa miraa apande buni

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Niko hapa Kibokoni, babu zetu walitoka Yemeni na mpaka leo tuna ami yetu kule milima ya Haraz, magharibi ya Sanaa. Shamba lake lote ni miraa. Juzi katupigia simu ati anataka kuing'oa apande buni kama wazee wake, na anaomba tumchangie. Kaka zangu wasema hizo ni pesa za kutupa, huko kuna vita. Tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Mchangieni, ila msimpe zote mara moja, na yeye asing'oe yote mara moja.

Muelewe kwanza kwa nini watu huko waliacha buni. Miraa hukatwa mara kadhaa kwa mwaka na ukikata asubuhi jioni pesa iko mfukoni, buni ni msimu mmoja tu, tena mche mpya utaulea miaka 3 au 4 ndio uanze kukupa kitu, sasa mtu ana watoto wataka kula leo atangoja vipi? Lakini miraa yanywa maji sana na Yemeni haina hata mto mmoja unaopita maji mwaka mzima, visima vya upande wa Sanaa maji yazidi kwenda chini. Ami yenu hilo aliona kwa macho yake, mimi namuunga mkono kabisa.

Sasa muulizeni habari ya kuta. Haraz mashamba yamepanda mlima kama ngazi, kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa tu bila saruji, mvua ikinyesha ukuta wazuia udongo na maji yaingia pale pale kwenye mizizi. Ukuta mmoja ukibomoka na usijengwe kabla ya mvua nyengine, udongo washuka na kubomoa wa chini yake, na udongo ule watu waliupandisha kwa mikono vizazi na vizazi, ukishaenda bondeni ndio basi. Kwa hivyo pesa ya kwanza iende kwa kuta na birika la maji ya mvua. Miche baadaye, aanze na robo ya shamba, miraa iliyobaki iendelee kulisha nyumba.

Hiyo hofu ya vita kaka zako wana haki, tangu 2015 barabara na bandari za huko ni taabu. Lakini hebu fikirieni, miraa ikikwama njiani siku mbili imekwisha, buni ikianikwa vizuri juu ya dari yakaa miezi na haiharibiki. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniletea buni ya huko bado iko na ganda lake, ukiitikisa karibu na sikio wasikia kokwa zagonga ndani, hapo ndio imekauka sawasawa. Mwambieni achume nyekundu tu, akichanganya na mbichi bei yaanguka. Na maganda asitupe, huko huchemshwa na tangawizi wakaita qishr, nilikunywa nikaongeza.

SWALI: Mhariri, mikahawa ya Nyali mocha ni kahawa yenye chokoleti. Kwani neno hilo latoka wapi? Msomaji, Majengo.

JIBU: Makha, bandari ya Yemeni kwenye Bahari ya Shamu. Hapo pwani hapamei buni, joto jingi, ilikuwa yateremshwa kutoka milimani kwa ngamia ndio ipakiwe. Mti wenyewe asili yake ni misitu ya Uhabeshi, lakini Yemeni ndiko ulikolimwa ukawa biashara, na karne ya 15 masufi wa huko walikuwa wakinywa kahawa wapate kukesha kwenye dhikri. Mwaka 1715 Wafaransa wakachukua miche Yemeni wakapeleka kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, na ndio maana hata leo kuna kahawa yaitwa Bourbon. Kwetu Kenya wamishonari Wafaransa walipanda kahawa 1893 pale Bura, Taita, ukipita Voi ni karibu tu.