Ndege ya zamani yenye "saa chache": ukiwa Tanga, uliza kwanza imelala wapi

Mkuu, umeuliza uchukue ipi kati ya Cessna 172 ya mwaka 1966 na Piper Cherokee 140, na naona umeegemea Cherokee kwa sababu injini yake imefanya saa chache tangu ifumuliwe na kuundwa upya. Umesema zote mbili zimelala muda mrefu, na kwamba utaiweka hapa Tanga uwe unaruka mwisho wa wiki kwenda Pangani na Pemba.

Nina hisa katika Cessna 172 ya miaka hiyo hiyo ya sitini. Tunaiweka hapa hapa Tanga, na kila inapofunguliwa huwa nipo na mhandisi wetu, spana mkononi. Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Hizo saa chache zinazokuvutia ndizo zinazonitia wasiwasi.

Injini hizi zina vikomo viwili. Lycoming O-320 iliyomo kwenye Cherokee imewekewa saa 2,000 au miaka 12 kabla ya kufumuliwa upya, chochote kitakachotangulia. Continental O-300 ya hiyo Cessna ni saa 1,800, na miaka ni hiyo hiyo 12. Wauzaji wanakusomea saa, miaka wanaiacha. Injini iliyofanya saa 250 ndani ya miaka 15 imetumia muda wake mwingi imekaa kimya, na kukaa kimya karibu na bahari ndiko kunakoiua.

Sababu ni hii. Kwenye Lycoming, kamshafti (mti wa chuma unaofungua vali) imekaa juu ya krenki (mti mkuu unaozungushwa na pistoni). Injini ikizimwa, oili inateremka yote chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, na baada ya wiki kadhaa kamshafti inabaki na utando mwembamba tu. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Usiku chuma kinapoa, unyevu unatuama juu yake, kutu inaanza kwa vidoadoa usivyoweza kuviona bila kuifungua injini. Siku utakapoiwasha, vidoa hivyo vinasugua tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti), ngozi ngumu ya chuma inabanduka, na chenga zake zinazunguka na oili injini nzima. Inaweza kuruka vizuri kwa saa 50 au 100 kisha ndipo uone chenga kwenye filta, na hapo pesa ya kuifumua inatoka mfukoni mwako, muuzaji ameshasahau hata jina lako. Continental O-300 kamshafti yake ipo chini ya krenki, karibu na oili, kwa hiyo inavumilia kulala kuliko mwenzake. Silinda zake nazo zinashika kutu, usidhani imepona, lakini silinda unaweza kuing'oa moja moja. Kamshafti haitoki mpaka injini ipasuliwe.

Na mtu asikudanganye kwamba "tulikuwa tunaiwasha kila Jumamosi dakika kumi". Hilo ni baya kuliko kuiacha. Petroli ikiungua inazaa maji, na sehemu ya maji hayo inaingia kwenye oili. Ili yatoke, oili inatakiwa ipate joto la kama nyuzi 75 za Selsiasi na likae hapo kwa muda, jambo ambalo kwa kawaida linapatikana angani tu. Ukiiwasha chini na kuizima, umeongeza maji na hukuyatoa. Sisi tuna utaratibu mmoja: kama hairuki, haiwashwi. Na ikiruka, iruke si chini ya nusu saa baada ya oili kupata moto. Oili tunaibadilisha kila saa 50 kwa sababu tuna filta, na miezi minne ikipita kabla ya saa hizo kutimia tunaibadilisha vilevile. Injini yenye chujio la wavu tu ni kila saa 25.

Sasa bodi. Kaskazi na kusi zote zinatufikia zikitoka baharini, na aliyewahi kuezeka nyumba Raskazone anajua bati linavyoliwa. Alumini nayo inaliwa, ila kutu yake haiwi nyekundu. Inatoa unga mweupe, inavimbisha rangi, au inatambaa chini ya rangi kama nyuzi nyuzi kuanzia kwenye ribiti. Rangi mpya kwenye ndege inayouzwa mimi hainifurahishi hata kidogo. Niliwahi kumsindikiza jamaa kuikagua Cherokee iliyong'aa kweli kweli. Mhandisi akasema hatasaini chochote kabla ya kuondoa tangi moja la mafuta, maana kwenye Cherokee tangi limefungwa kwa skurubu na ukilitoa unauona mhimili mkuu wa bawa. Muuzaji alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Mhimili ulikuwa umechimbika, alumini inabanduka matabaka. Jamaa alirudi nyumbani na pesa yake, na mpaka leo nafurahi mhandisi yule hakukubali kuharakishwa.

Kwa Cessna, aangalie zinaposhika zile nguzo za mabawa juu na chini, sakafu chini ya zulia, na ndani ya mkia anakofika kwa taa na kioo. Halafu reli za viti. Watu wanazidharau. Tundu za reli zikilika, pini ya kiti haishiki sawasawa, na pua inaponyanyuka wakati wa kuruka kiti kinarudi nyuma nawe umeng'ang'ania usukani. Ndege inanyanyuka wima, inapoteza nguvu ya mabawa, inaanguka. Watu wamekufa hivyo, na ukaguzi wa reli hizo ni wa lazima kwa amri ya mamlaka ya Marekani ilikotengenezwa ndege.

Ukiinunua, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ipuliziwe ndani ya mabawa na mkia dawa ya kuzuia kutu kama ACF-50, na ipate hanga, yaani banda la ndege. Kama huna hanga Tanga, bora uiweke bara uje kuichukua unapotaka kuruka. Nasema hivi huku nikiupenda mji huu kuliko mji wowote.

Kuna wadudu pia. Nyigu wa udongo wanapenda bomba la pitot, lile linalopima mwendo, na matundu ya hewa ya matangi. Siku mbili zinatosha kuziba. Ndege kubwa ya Boeing 757 iliyoanguka mwaka 1996 baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, watu 189 wakafa, ilikuwa na bomba la pitot lililoziba, na waliotuhumiwa zaidi ni nyigu wa aina hiyo. Kifuniko chenye utepe mwekundu hakina gharama. Nyuki nao angalia ndani ya mabawa na chini ya boneti. Tanga inawajua nyuki tangu vita vya Novemba 1914, walipowavamia askari.

Jambo ambalo wageni wa pwani hawaliamini ni barafu. Nje nyuzi 28, shati limelowa jasho, na kabureta inaganda. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa ikipenya sehemu nyembamba, joto linashuka nyuzi 20 na zaidi, na hewa yetu ya masika imejaa maji. Inatokea hasa unaposhuka umepunguza nguvu ya injini. Mizunguko ya injini inaanza kupungua yenyewe bila wewe kugusa kitu. Vuta joto la kabureta (kitasa kinacholeta hewa ya moto) mpaka mwisho. Injini itakohoa barafu inapoyeyuka na kuingia kwenye silinda, na hapo wengi wanaogopa wanalirudisha. Usilirudishe, subiri. Kwenye O-300 hili ni kubwa zaidi, kwa sababu kabureta ya Lycoming imefungwa chini ya sampu ya oili na inapata joto kidogo kutoka huko.

Mafuta: ndege nyingi ndogo za abiria unazoziona hapa, kama Cessna Caravan, zinatumia Jet A-1, mafuta ya injini za tabo. Wewe utahitaji avgasi, yaani petroli ya ndege, kama lita 30 kwa saa, na lazima ujue utaipata wapi na kwa bei gani kabla hujatoa hata malipo ya awali. Petroli ya kituo cha barabarani inahitaji kibali maalumu cha kiufundi kwa ndege husika, na yenye ethanoli haifai kabisa kwa sababu inaharibu mipira na mihuri ya mfumo wa mafuta. Kila asubuhi kinga mafuta kutoka kila tangi kwenye chupa safi, tazama kama kuna maji chini.

Kuhusu Pemba, kutoka Tanga hadi Chake Chake ni kama kilomita 80, nusu saa hivi. Ukiwa futi 5,000 injini ikazimika, hiyo 172 itateleza kama kilomita 14 pasipo upepo. Katikati ya mkondo hufiki upande wowote. Panda juu zaidi, vaa jaketi la kuokolea ukiwa bado chini, na usivuke na injini ambayo hujaizoea. Fanya miezi ya kwanza kwenda Pangani na Saadani, ukifuata ufukwe.

Karatasi za TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania), usajili wa 5H (herufi za ndege za Tanzania), cheti cha kuruka, bima, hayo mhandisi wako atakuelekeza na hayana ujanja.

Kati ya hizo mbili, mimi ningeiendea Cessna, kwa masharti. Silinda zote sita zichunguliwe kwa kamera ndani, mgandamizo upimwe, filta ikatwe au chujio lifunguliwe mbele yako, magneto zote mbili (zinazotoa umeme wa plagi) zijulikane zilifunguliwa lini. Cherokee usiifute, ila mwambie muuzaji silinda mbili zing'olewe ili kamshafti ionekane, na tangi zote mbili zitoke. Gharama ya kufungua na kurudisha lipa wewe. Akikataa hata kwa pesa yako, ondoka.