Barua kwa mwanangu Salim: madaftari mawili ya Columbus

Columbus, Ohio
Februari 2025

Mwanangu Salim,

Marahaba, baba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka kazini, kisha nikaurudia nyumbani. Unauliza kuhusu Ohio State, chuo cha hapa Columbus, na mpira wao wa Kimarekani: timu iliyofungwa mara mbili, mara ya pili nyumbani kwake na mbele ya hasimu wake Michigan, inakuwaje inaitwa bingwa wa vyuo wa Marekani nzima? Ukaongeza, "Mama, hiyo si bahati tu?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Wewe umezoea ligi. Simba na Yanga wanakutana nyumbani na ugenini, kila timu inacheza na kila timu, mwisho zinahesabiwa pointi. Hapa haiwezekani. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja kina mechi 12 au 13 tu kabla ya mchujo wa kumpata bingwa, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa kugongana miili na hakuna mwili unaohimili kila siku tatu. Zamani bingwa alipatikana kwa kura za waandishi na makocha. Baadaye wakachaguliwa wawili wa kucheza fainali, na tangu msimu wa 2014 wakawa wanne. Msimu huu uliokwisha ndio wa kwanza kuchukua timu 12. Kamati iliiweka Ohio State nafasi ya sita kwa ubora. Mwaka mmoja nyuma, wa sita angetazama mchujo kwenye televisheni kama mimi. Kwa hiyo jibu fupi ni hilo: mlango ulipanuliwa, wakapita. Lakini najua siyo ulilotaka kujua.

Kufungwa kwa kwanza kulikuwa Oktoba, ugenini Oregon, 32 kwa 31. Pointi moja. Watu walinuna siku mbili, yakaisha.

Michigan, chuo cha jimbo jirani, ni habari nyingine. Wiki ya mechi hiyo, watu chuoni huziba herufi M kwa utepe mwekundu kwenye vibao, kila M inapigwa X. Kuna wazee hapa hawalitamki jina la Michigan, wanasema "lile jimbo la kaskazini". Nilipofika mji huu nilidhani ni utani. Si utani, mwanangu.

Tarehe 30 Novemba Michigan walikuja wakiwa wameshinda mechi sita na kufungwa tano. Hakuna aliyewapa nafasi. Mimi nilikuwa zamu jikoni hospitalini, televisheni ipo ukutani, tunakata karoti huku jicho moja liko juu. Uwanja wa watu zaidi ya 102,000 ukawa unazidi kuwa kimya. Mpigaji wetu akakosa milingoti mara mbili, Will Howard, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akanyang'anywa pasi mbili, na zikiwa zimebaki sekunde 45 Michigan wakapiga mpira ukapita kati ya milingoti: 13 kwa 10. Wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, zikazuka ngumi, polisi wakapuliza pilipili. Ulikuwa mwaka wa nne mfululizo wa kufungwa na Michigan. Jikoni hakuna aliyesema neno mpaka chakula cha jioni kilipotoka.

Siku zile nilisikia mambo yaliyoniuma. Kocha Ryan Day alikuwa ameshinda mechi 66 na kufungwa 10 tangu aanze, na watu wazima, wenye watoto, wakadai afukuzwe usiku uleule. Mimi ni mgeni hapa na sina kura, lakini nilimwonea huruma kama ndugu.

Sasa sikiliza kuhusu Jack Sawyer. Ni mlinzi wa Ohio State, kijana wa Pickerington, hapa jirani tu. Yeye na wenzake kadhaa walioingia chuoni mwaka 2021 wangeweza kuondoka mwaka jana wakatafute mkataba wa kulipwa. Walibaki mwaka mmoja zaidi, na kila mtu alijua wanachokitaka: kuifunga Michigan na kuchukua ubingwa. (Siku hizi wanalipwa wakiwa chuoni pia, sheria zilibadilika mwaka 2021, na timu hii ilisemekana kugharimu dola milioni 20 hivi. Silifichi hilo. Lakini kwenye ligi ya kulipwa walikuwa wanasubiriwa vilevile, na bado wakabaki.) Novemba lengo la kwanza likafa mbele ya mama zao.

Unajua walichofanya? Tarehe 21 Desemba, usiku wa baridi iliyouma mifupa, Tennessee walikuja Columbus na mashabiki wao wa rangi ya chungwa wamejaa uwanjani, maana watu wetu wengine walikata tamaa wakauza tiketi. Kipindi cha kwanza hakijaisha ilikuwa 21 kwa sifuri. Mwisho 42 kwa 17. Siku ya mwaka mpya, California, wakakutana tena na Oregon, ambao mpaka siku hiyo hawajafungwa na yeyote. Ikafika 34 kwa sifuri kabla Oregon hawajapata hata pointi. Jeremiah Smith, mtoto wa mwaka wa kwanza, alidaka mpira kama anachuma embe.

Halafu Texas, tarehe 10 Januari. Hiyo niliitazama kwa jirani, nimesimama. Tunaongoza 21 kwa 14, dakika za mwisho, Texas wako yadi moja tu kutoka kwenye mstari wetu wa kufungia. Yadi moja, Salim, hatua ya mtoto. Wakajaribu kuzunguka pembeni, wakarudishwa nyuma. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira; jaribio la nne, la mwisho, Sawyer akapenya, akamgonga Quinn Ewers, ambaye aliwahi kulala naye chumba kimoja alipokuwa hapa Ohio State. Mpira ukadondoka, Sawyer akauokota mwenyewe, akakimbia yadi 83 mpaka upande wa pili. Mwili wote ule mkubwa, unakimbia! Nilipiga kelele mpaka mke wa jirani akaniletea maji.

Fainali ilikuwa Atlanta, tarehe 20 Januari. Notre Dame wakaanza kwa kushika mpira karibu dakika kumi mfululizo, wakavuka mstari. Sisi tukafika 31 kwa 7, wao wakarudi mpaka 31 kwa 23, na moyo wangu ukarudi jikoni kwenye karoti. Jaribio la tatu, zinatakiwa yadi 11, Howard akarusha mbali, Smith akadaka, yadi 56. Ikaisha 34 kwa 23.

Mechi nne ndani ya mwezi mmoja, zote na wakubwa, pointi 145 kwa 75. Bahati haifanyi hivyo mara nne. Hilo ndilo jibu langu, na nalisema bila kusita.

Ila watu wa hapa wana madaftari mawili, la ubingwa na la Michigan. Tangu mwaka 1934, kila mchezaji aliyeifunga Michigan hupewa kidani chenye umbo la suruali ndogo ya dhahabu. Sawyer ameondoka na pete ya ubingwa. Kasuruali hana hata kamoja, miaka minne.

Jirani yangu mzee alilia kwa furaha usiku wa fainali, mimi ndiye niliyempa kitambaa. Asubuhi yake nilimkuta nje anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikampongeza tena. Akanishukuru, akakwangua kidogo, kisha akaniambia zimebaki siku 312 kufika mechi ya Michigan.

Msalimie mkeo na watoto.

Mama yako