Makato ya ATM ukiwa Thailand na kwingineko

Uliuliza kwa nini ulikatwa mara mbili ulipotoa fedha Bangkok kwa kadi ya benki ya nyumbani. Makato ya kwanza ni ya benki yenye mashine, ambayo nchini Thailand, kwa kadi za kigeni, aghalabu ni baht 220 au zaidi kwa kila muamala: ukitoa baht 1,000 umepoteza asilimia 22, ukitoa 10,000 ni asilimia 2.2 tu. Ya pili ni ya benki iliyokupa kadi, nayo huyaoni kwenye kioo cha mashine bali kwenye taarifa ya akaunti. Uingereza mashine nyingi hazitozi chochote. Popote ulipo, jihadhari zaidi pale mashine inapokuuliza kama ungependa kukatwa kwa shilingi badala ya fedha ya nchi hiyo; kataa, kwa sababu ukikubali, kiwango cha kubadilishia kitapangwa upande wa mashine, na mara nyingi huwa kibaya kuliko kile cha Visa au Mastercard. Maelezo ya kitufe cha kukataa huandikwa kwa namna ya kutia hofu, lakini ukikataa fedha hutoka vilevile.