Maswali ya Wasomaji: Katuni Ambazo Hazikuchorewa Watoto

Swali: Mume wangu ana miaka 46. Kila nikiweka anime (katuni za Kijapani) ananiuliza kama tumerudi chekechea. Amenikubalia jioni tatu tu. Nimwekee zipi, na atapata nini humo asichokipata kwenye filamu za waigizaji wa kawaida? — *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Dada, kwanza usimwanzishie *Ghost in the Shell* (1995). Wengi hukosea hapo kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mahali. Ni filamu kali, lakini katikati ya msako inasimama kwa dakika kama tatu: mvua, mifereji, mabango, watu na miavuli yao, na kwaya ya Kenji Kawai juu yake. Hakuna anayesema neno. Mzoefu huona kwamba filamu yenyewe iko hapo. Mgeni hutoa simu mfukoni. Iwe ya nne, akiiomba mwenyewe.

Jioni ya kwanza mwekee *Tokyo Godfathers* (2003) ya Satoshi Kon, dakika 92. Watu watatu wasio na makazi, mmoja wao mlevi anayewadanganya wenzake kuhusu familia yake, wanaokota mtoto mchanga kwenye takataka wakati wa Krismasi. Hakuna roboti wala zimwi. Inachekesha, na mzazi yeyote aliyewahi kuwaonea watoto wake aibu itamgusa mapema.

Jioni ya pili iwe *Only Yesterday* (1991) ya Isao Takahata, dakika 118. Mfanyakazi wa ofisini jijini Tokyo, miaka 27, hajaolewa, anachukua likizo kwenda Yamagata kuvuna benibana, ua la manjano ambalo hukamuliwa rangi nyekundu. Njiani anaandamwa na kumbukumbu za alipokuwa darasa la tano. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Tazameni rangi: sehemu za utotoni zimepakwa hafifu, na kingo za picha zinafifia mpaka zinakuwa nyeupe, sehemu za ukubwani zimejazwa rangi hadi pembeni kabisa. Hakuna anayekuambia sasa tumerudi nyuma, unaona tu. Kuna mahali baba analeta nyumbani nanasi zima na hakuna anayejua linakatwaje. Linangoja mpaka dada mtu apate maelekezo. Linakatwa, linagawiwa, wanaonja, wanatazamana. Gumu, tena halina utamu waliouota. Msomaji wa Kiwangwa, wanakolima mananasi, atacheka, lakini asiache kumtazama yule mtoto anayeendelea kutafuna wakati wenzake wameshasukuma sahani. Ni dakika chache tu, na mumeo akizipenda hizo, umeshampata.

Ya tatu ni *Grave of the Fireflies* (1988), ya Takahata huyo huyo, dakika 89: kaka na mdogo wake wa kike baada ya mabomu kuunguza Kobe mwaka 1945. Filamu inakuambia mwanzoni kabisa kwamba kaka amekufa, kwa hiyo hungoji muujiza. Mistari ya wahusika imechorwa kwa kahawia badala ya nyeusi, na picha inakuwa laini kuliko kinachosimuliwa. Msiiweke usiku wa kuamkia siku ya kazi.

Sasa, atapata nini? Kamera hunasa chochote kilicho mbele yake, hata ambacho mwongozaji hakukiomba. Mchoraji hana cha bure. Nzi akitembea kwenye kikombe, kuna mtu aliyeamua awepo, akamchora mara kadhaa na akalipwa kwa kazi hiyo. Ukishalijua hilo unaanza kuangalia kikombe. Wanaodhani "ya watu wazima" maana yake ni damu na uchi tu wanazikosa filamu za namna hii. Za damu na uchi zipo, na nyingi kati ya hizo zinachosha.

Swali: Mbona wahusika husimama kama sanamu, mdomo tu ndio unaocheza? Katuni za zamani za Wamarekani zilisogea vizuri zaidi. Ni ubahili? — *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Ulianza kama ubahili, hatukatai. Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Ukichora kila fremu, ni michoro 24. Wajapani mara nyingi huchora 12 au 8, kila mchoro ukishikiliwa kwa fremu mbili au tatu. Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake *Tetsuwan Atomu* (*Astro Boy*) kwenye runinga tarehe 1 Januari 1963, kipindi kipya kila wiki kwa bajeti finyu, ilibidi abane kila kona. Uso unabaki palepale, mdomo unabadilishwa kwa maumbo machache, mandhari inatelezeshwa nyuma ya mhusika, na michoro ya wiki zilizopita inatumika tena.

Waliokuja baadaye waliuweka ubahili huo kazini. Michoro inayookolewa kwenye mazungumzo hutumika yote kwenye tukio moja, na uso usiosogea huachiwa mwanga, pembe ya picha na sauti ya nje ya dirisha. Namna ya kupambanua ni hii: picha ikisimama, sikiliza. Ukisikia upepo, feni, treni ya mbali, kisha ukaona kitu kimoja kidogo kinasogea, utulivu huo umepangwa. Ukisikia mhusika anaeleza mpango wake kwa dakika mbili juu ya uso uleule, pesa zilikwisha.

Zipo ambazo hazikubana. *Akira* (1988) ya Katsuhiro Otomo ilitumia zaidi ya karatasi angavu za plastiki 160,000 zilizochorwa na kupakwa rangi kwa mkono, na sauti zilirekodiwa kabla ya kuchora ili midomo ifuate maneno. Desturi ya Japani ni kinyume chake: picha kwanza, waigizaji baadaye. Takahata naye alirekodi kwanza kwa sehemu za ukubwani za *Only Yesterday*, ndiyo sababu mashavu ya yule mwanamke yana mistari anapocheka. Wapo wanaolalamika kwamba inamzeesha. Kwetu sisi, mistari hiyo ndiyo inayomfanya awe na miaka 27 badala ya kuwa na miaka ya katuni.

Swali: Nimenunua runinga ya inchi 55. Anime inateleza kama video ya harusi, na mkono ukisogea unaacha ukungu. Halafu maandishi ya tafsiri yanaongea wakati wahusika wamenyamaza! Kosa ni la runinga au la filamu? — *Msomaji, Muscat*

Jibu: Ni makosa mawili, na hakuna hata moja la filamu.

La kwanza ni runinga kujifanya mchoraji. Ikipewa fremu 24, inabuni nyingine za katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mpira wa miguu inasaidia. Kwa mchoro ulioshikiliwa fremu mbili au tatu kisha ukaruka kwenda mwingine, inakisia mwendo ambao hakuna mtu aliyeuchora, na ukungu unaouona mkononi ni makisio hayo. Ingia kwenye mipangilio ya picha uzime: kwa LG inaitwa TruMotion, kwa Sony Motionflow, kwa Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity kutegemea umri wa runinga. Chapa nyingine tafuta mstari wenye neno Motion. Kama kuna Filmmaker Mode, chagua hiyo, huzima yote kwa mkupuo mmoja. Kisha teremsha Sharpness polepole mpaka ule mstari mweupe unaozunguka wino mweusi upotee, usizidishe hapo. Ukimaliza, rudia kwa kila waya au programu unayotumia, maana runinga nyingi huhifadhi mipangilio ya kila chanzo peke yake. Wengi huzima kwenye HDMI, wanafungua filamu kwenye programu ya ndani, na wanadhani runinga imekataa.

La pili ni kwamba umechagua maandishi yasiyo yako. Mara nyingi orodha huwa na Kiingereza cha aina mbili. Chenye alama ya CC au SDH (maandishi ya wasiosikia vizuri) mara nyingi hufuata sauti iliyoingizwa Marekani, na waliotia sauti hiyo huogopa kimya, hivyo huongeza maneno. Katika toleo la Kiingereza la 1998 la *Kiki's Delivery Service*, paka amepewa mistari mingi ambayo kwa Kijapani haipo. Weka sauti ya Kijapani na Kiingereza kisicho na alama hizo. Kipimo ni dakika tano za mwanzo: maneno yakitokea huku midomo yote imefungwa na hakuna sauti, badilisha.

Ukinunua nakala, hesabu pia dakika. *Nausicaä* (1984) ina dakika 117, lakini toleo lake la kwanza la Marekani lilikatwa zaidi ya dakika 20. Ila usiogope tofauti ndogo: DVD za Ulaya nyingi hupitisha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo *Akira* ya dakika 124 inaisha kwenye 119 bila kukatwa hata fremu moja.

Swali: Nimeona *Perfect Blue* mara mbili na bado sijui lipi lilitokea kweli. — *Msomaji, Bukavu*

Jibu: Hukupitwa na kitu. Satoshi Kon (1997, dakika 81) hukata picha katikati ya kitendo: Mima, mhusika mkuu, anaanza kugeuka mahali pamoja, anamaliza kugeuka mahali pengine, na jicho linakubali kwamba muda umeendelea. Tena tamthilia anayoigiza ina maneno yanayofanana na maisha yake. Mara ya tatu, hesabu kila anapoamka kitandani, na kila baada ya kuamka usiamini jambo mpaka mtu mwingine alithibitishe. Kikague chumba chake: kilichobandikwa ukutani, samaki, kinachoonekana dirishani. Tahadhari kwa wengine: ina tukio refu la ubakaji linaloigizwa, na mauaji ya kutisha. Si ya kuweka sebuleni mchana.

Swali: Mwanangu wa miaka 10 ameipenda *My Neighbor Totoro*. Naweza kumwachia filamu zote za studio hiyo? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Hapana. *Totoro* na *Grave of the Fireflies* zilitoka siku moja, 16 Aprili 1988, kwa tiketi moja, kutoka studio hiyo hiyo ya Ghibli. Kwenye *Princess Mononoke* (1997) mishale inakata mikono na vichwa mapema kabisa. Jina la studio si daraja la umri, kwa hiyo soma daraja lenyewe. Alama za Japani ni G kwa wote, PG12 kwa walio chini ya miaka 12 wakiwa na mwongozo wa mzazi, na R15+ na R18+ ambazo walio chini ya umri huo hawaruhusiwi kuingia. Kwa Kenya utakutana na GE (kwa wote), PG (mwongozo wa mzazi), 16 na 18.

*Mononoke* ingoje afike 12 au 13, na mkae pamoja. Kwa sasa *Kiki's Delivery Service* inamfaa. Kama bado hasomi haraka, mwekee ya sauti ya Kiingereza, paka aongee atakavyo.