Kidonda kisichouma

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 61 na anaugua kisukari tangu mwaka 2014. Wiki mbili zilizopita alikanyaga gamba la chaza akishusha mashua Matondoni, maji yakiwa yamekupwa. Kidonda hakimuumi, lakini hakifungi, na sasa kinatoa maji yenye harufu. Kila jioni hulowesha mguu katika maji ya moto ya chumvi na kumeza vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani. Je, aendelee hivyo?
Binti, Lamu

JIBU: Binti yangu, kilichonishtua katika barua yako ni hilo la kuwa kidonda hakimuumi. Gamba la chaza hukata kama wembe, na ikiwa baba hasikii kitu, yaelekea sukari ya miaka mingi imeharibu mishipa ya fahamu ya wayo wake, na sukari hiyo hiyo hudhoofisha chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu. Mpelekeni hospitali leo, kwa boti au kwa punda, mradi asiukanyagie mguu huo. Huko watakisafisha kidonda, watakata nyama iliyokufa na kuangalia kama maambukizi yamefika mfupani. Waulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na vichochoro vyetu havikosi samadi ya punda.

Maji ya moto aachane nayo kabisa, maana mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua. Vidonge vya mabaki aende navyo, daktari avione. Kama anatumia insulini, asiiache kwa sababu hana hamu ya kula: maambukizi hupandisha sukari hata kwa mtu asiyekula, kwa hiyo apimwe mara kwa mara.

Akishapona, kila usiku mtu mwenye macho mazuri amtazame nyayo kwa taa. Kila baada ya udhu akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa safi, kwani unyevu unaobaki hapo mara tano kwa siku ndio unaoleta fangasi, na ngozi ikipasuka vijidudu vimepata mlango. Makubadhi ayakung'ute kabla ya kuyavaa, na pwani asishuke tena pekupeku. Viatu vya kufunika vidole, hata vya plastiki, vitamfaa kuliko kandambili.