Jibu: Kijana mwenye ADHD na likizo ya Krismasi

Pole sana dada. Umeuliza ufanyeje na kijana wako wa miaka 8 mwenye ADHD (hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja), shule zimefungwa, wageni wamejaa nyumbani, na wiki ijayo mnapanda basi kwenda Moshi. Wangu ana hali hiyohiyo, nakuelewa kabisa.

Kikubwa ni ratiba. Shule ikifungwa, ile kengele iliyokuwa inampangia siku haipo tena, na yeye kujipanga mwenyewe ndiko kunakomshinda. Mimi huchora siku nzima kwenye kipande cha boksi, kuamka, chai, kucheza, kuoga, nakibandika kwenye friji. Kitu kikibadilika namwambia jana yake, siyo tukiwa mlangoni tumeshavaa viatu. Kulala ni saa tatu hata kama mashangazi bado wanapiga stori sebuleni. Akikosa usingizi, kesho yake ni vilio kutwa.

Kariakoo ya Desemba usimpeleke, nakuomba. Nguo kamnunulie mwenyewe.

Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 500. Mpe mikono kazi: wangu alifunga na kufungua mafundo ya kamba toka Mbezi hadi Korogwe. Kama anatumia dawa, beba za kutosha, na usikatishe bila kuongea na daktari wake.

Ndugu watasema hana adabu. Mpigie bibi yake mapema, mweleze kwamba siyo ukaidi, kisha muombe chumba kimoja tulivu cha kumpumzisha. Kwetu bibi ndiye aliyewanyamazisha wajomba.